Nta Waliyoikataa Nyuki

Nakumbuka asubuhi moja mume wangu, Lado, akifunga godoro kwa kamba, tayari kuturudisha Uganda. Wewe mwanangu umeniuliza tu nta safi inapatikana wapi hapa Juba, nami nakuanzishia habari za godoro. Nivumilie.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini huko Uganda, tukajenga nje kidogo ya mji. Lado alichoka haraka. Kila siku ni kalas, yaani basi, yamekwisha, hapa hakuna maisha. Mimi sikutaka kabisa kurudi kuishi kwenye ardhi ya watu. Wazazi wangu wamezikwa hapa. Nikamwomba aniache nijaribu nyuki, walau msimu ule mmoja. Akakubali shingo upande.

Mzinga mpya hupakwa nta ndani, maana harufu yake ndiyo inayowaita nyuki. Nikaenda madukani mtaa wa Hai Jalaba, nikanunua kipande cheupe, kinang'aa kama sabuni. Mwenye duka akaapa kwa Mungu kwamba ni safi. Basi nikapaka. Nyuki wakaja, wakazunguka mlangoni, wakaenda zao. Maua yakaanza kupukutika porini, na Lado akatafuta kamba.

Asubuhi ile nilikimbilia mtaa wa Kator kwa Mama Poni, mama mzee aliyekuwa akikamua asali na kuiuza. Akakinusa kipande cha nta kilichobaki nilichomletea, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Binti yangu, umewapakia nyuki mshumaa mzingani! Ungekuwa wewe, ungehamia?"

Mimi nalia, yeye anacheka! Kisha akanikaripia kwelikweli. "Nta inatoka kwenye masega ya asali, wewe unaifuata dukani? Haya masega ninayoyakamua unadhani nayapeleka wapi? Namwaga!"

Akanijazia ndoo. Tukayachemsha kwenye maji, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha yapoe. Nta ikaganda juu, ya manjano, inanukia asali. Nikarudi mbio, nikakwangua ule uchafu wa dukani na kupaka upya, Lado akiendelea kufunga mizigo.

Kesho yake, gari la Uganda likitungoja barabarani, tukasikia mvumo. Kundi zima lilikuwa linaingia mzingani, wanasukumana mlangoni. Lado akatazama wee, kisha akaenda kumwambia dereva aondoke. Nikakaa chini palepale, nikacheka na kulia. Ah, mwanangu, ule mzigo ulivyonitoka kifuani!

Kwa hiyo nta safi usiifuate kwenye maduka. Mtafute mkamua asali, mwombe masega aliyokwisha kukamua, uyayeyushe mwenyewe. Ukiuziwa iliyo tayari, inuse kwanza. Isiponukia asali, mwachie mwenyewe. Na jambo likikushinda, muulize anayeijua kazi kabla hujasema kalas. Mimi nilibakiza siku moja tu kabla ya safari, na siku hiyo ilitosha kunibakisha kwetu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akuketishe katika nchi yako, nawe ushibe humo.