Kijiko Kilicholika Upande wa Kulia

Wakusanyaji wa vyombo vya kale vya fedha pale Ludlow, mji mdogo wa Uingereza, hutafuta vijiko vizima, ncha kamili, mihuri ya sonara inasomeka. Thelma Pargeter, aliyepika shuleni mpaka akastaafu, alitafuta vilivyolika. Kijiko kilichokoroga masufuria kwa vizazi huisha ncha upande mmoja, na hicho ndicho alichokitaka. Wauzaji wa sokoni walimpenda, maana nani mwingine angewapunguzia takataka?

"Thelma, leo nimekuwekea kilichokwisha kabisa," Desmond muuzaji alimtania Jumapili moja. "Umebaki mpini tu."

"Kaa nao ukorogee chai yako, labda utapata akili."

Nyumbani alikuwa navyo droo nzima. Karibu vyote vimelika upande wa kushoto, kwa kuwa watu wengi hukoroga kwa mkono wa kulia. Kimoja tu kimelika upande wa kulia. Hicho kilikuwa cha mama yake, Edna, aliyefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na aliyekoroga nacho uji wa shayiri kila asubuhi. Ndicho kilichomwanzishia Thelma wazimu wote huu.

Siku ya kuzaliwa kwake, mwanawe Nigel alimletea kikasha.

"Fumba macho, Mama. Haya, fumbua!"

Kilikuwa kijiko cha Edna. Nigel alikichukua kimyakimya Thelma alipolazwa hospitali kwa ajili ya goti. Fundi alikichonga ncha upya ikawa duara safi, akakisugua kikawa kama cha dukani.

"Nilichagua kilichoharibika kuliko vyote," Nigel alisema, uso umemchanua. "Si ndicho usichokiacha mkononi?"

Thelma aliumia hasa. Alitamani kumzaba kibao, mtu mzima na upara wake. Lakini Edna alikufa kabla Nigel hajazaliwa, na Thelma hakuwahi kumwambia kijiko kilikuwa cha nani.

"Kinang'aa kweli, mwanangu. Ahsante," alisema. "Kata keki basi, au tunaitazama tu?"

Kesho yake asubuhi hakukirudisha kwenye droo. Alibandika uji, akakishika kijiko kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kazi, akaanza kukoroga. Uji ulimwagikia jiko. Alilaani, akaendelea.

Nigel, aliyelala hapo, aliingia akipiga miayo.

"Mama, mbona mkono huo?"

"Bibi yako ndivyo alivyokuwa akikoroga," Thelma alisema, bila kugeuka. "Kwa kijiko hiki hiki, mpaka kikalika."

Nigel alikitazama kijiko. Kisha akavuta kiti, akaketi.