Ng'ombe wa Nyumba ya Hafsa

Pale Kilole, mjini Korogwe, hakuna asiyemjua Mzee Semboja. Kwenye sinema amekuwa tajiri tangu ana nywele nyeusi: anashuka ngazi za kasri, anachagua gari la kupanda, anafukuza wakwe. Luninga ikizimwa, anarudi kulala kwenye vyumba viwili vya kupanga na mkewe Hafsa. Nyumba yao wenyewe imesimama jirani, kuta tupu, haina bati, na mbaazi zimeota sebuleni.

Basi Hafsa alikuwa na swali moja lililomkereketa: hela za huyu bwana zinakwenda wapi? Harusini anakalishwa mbele, mke wa tajiri, naye anatabasamu huku roho inamuuma. Alichojua ni kwamba kila sinema ikiisha, mumewe hupanda basi kwenda Handeni, na akirudi hana la kusema. Mwanamke gani asingewaza mke mwenza? Hafsa aliwaza mpaka akampa na jina: Zuena.

Halafu Semboja akaacha kuigiza, akawa mwongozaji. Lo, hapo ndipo alipozidi! Mwigizaji akilia, yeye anatikisa kichwa: "Rudia. Sijaamini." Hata Hafsa akisema ugali umeiva, anaambiwa arudie. Sinema yake ya kwanza ikakwama katikati, naye akaaga kwenda Handeni. Hafsa akavaa viatu, akasema wanakwenda wote. Mzee hakuthubutu kukataa.

Huko hapakuwa na Zuena. Palikuwa na boma la Koikai, mfugaji, rafiki wa Semboja wa siku nyingi, na zizini mlikuwa na ng'ombe sita wa Semboja. Kumbe hela za sinema zilikuwa zikinunua mitamba, anapewa Koikai atunze! Alimficha mkewe kwa kuwa alijua bati la nyumba lingewameza ng'ombe wote. Hafsa alitamani kucheka na kumzaba kibao kwa pamoja. Mumewe akaeleza harakaharaka kwamba amekuja kuwauza, sinema iishe.

Koikai akakataa, wala si kwa ubaya. Siku alipopokea yule mtamba wa kwanza aliuliza jina la mke, akawahesabu kuwa wa nyumba ya Hafsa, kama wanavyofanya kwao, kila mke na ng'ombe wa nyumba yake. Hakuona haja ya kumwambia Semboja. Kwani nani asiyejua hilo?

"Ng'ombe wa nyumba hawauzwi mpaka mwenye nyumba akubali," alisema. "Na mwenye nyumba ni huyu mama."

Semboja akamgeukia mkewe, akapiga goti, sauti ikatetemeka, chozi likashuka shavu la kushoto. Hafsa alilijua lile chozi. Amelitazama kwenye luninga miaka nenda rudi.

"Rudia," akamwambia. "Sijaamini."

Koikai akatazama pembeni. Semboja akajifuta uso kwa kofia, akasimama. Safari hii alisema amechoka kuwa tajiri kwenye nyumba za watu, kwamba sinema hii ni ya mtu asiye na kitu, na kwamba anaogopa kufa haijaisha. Aliongea taratibu, akikosea maneno.

Hafsa akamwamini, na ilimuuma kumwamini. Lakini mbaazi za sebuleni hazikumtoka machoni.

"Tenga wa bati kwanza," akamwambia Koikai. "Watakaobaki ndio wa sinema."

Koikai akaingia zizini. Mwongozaji akabaki nje ya ua, kofia mkononi, akingoja kuambiwa wamebaki wangapi.