Baba wa Ubatizo wa Gari

Fundi aliiba giaboksi nzima ya gari kubwa la mtumba la Eulalia, akaifunga kwenye gari lake mwenyewe, na la Eulalia akalitia giaboksi mbovu. Naye ndiye baba wa ubatizo aliyelimwagia bia magurudumuni siku lilipobarikiwa kanisani Copacabana, ambako magari hubatizwa kama watoto. Kila likiharibika hulipapasa boneti kwa kiganja cheusi kwa grisi, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. “Binti yetu anadeka tu, mzazi mwenzangu. Mnunulie vipuri, atatulia.” Eulalia akauza kondoo, akauza na shamba la viazi. Juzi, alipogundua wizi huo, alimwuliza, “Mzazi mwenzangu, giaboksi yangu iko wapi?” Kiganja kikasita juu ya boneti. Kisha fundi akafungua bia, akayamwagia magurudumu, asimtazame. Gari limelala uani. Fundi angali anadaiwa giaboksi, na neno moja la kweli.