Mtoto Hachezi

Nilipofika mwaka wa nne wa udaktari, nilikuwa hodari wa kuficha Kiswahili changu cha Kongo. Darasani tulisoma kwa Kiingereza, wodini wagonjwa wengi walisema Kinyankore, na wenzangu wakitaka kucheka waliniomba niseme "fasi" na "mingi". Hapa Mbarara, Uganda, wengi wanakijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya kuombwa kitambulisho. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi niliendelea kuficha, na hasira zangu nikazimeza.

Asubuhi moja tulikuwa mazoezini katika hospitali ndogo, wanafunzi watano tumejipanga nyuma ya daktari. Aliingia mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, amejitanda kitenge kikubwa, binti yake wa miaka miwili amemlalia mapajani.

"Docta, mutoto hachezi," akasema. "Tangu jana hachezi hata kidogo."

Daktari alikuwa mtu mwema, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia bei. Akamtazama yule binti. "Mtoto nakula?"

"Anakula, docta."

"Nakunywa maji?"

"Anakunywa, docta."

Akampima joto, akamchungulia koo, akaandika dawa. Mama akapokea karatasi kwa mikono miwili. Kwetu Kivu ya Kusini daktari hakosolewi. Hata akikufunga bandeji mguu usiouma, utaitikia ndiyo na kushukuru. Lakini mama hakuinuka. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kitenge, umeshika tumbo, na hapo nikashtuka. Mama zetu husema mtoto anacheza tangu akiwa bado hajazaliwa.

Mwanafunzi hamkatizi daktari mbele ya mgonjwa. Niliogopa, sitasema uongo. Nikikosea, ningechekwa mpaka siku ya kuhitimu. Nikinyamaza, mama angerudi Nakivale na dawa ya kikohozi, na mtoto angemfia tumboni. Nikasogea mbele.

"Mama, ni mutoto gani hachezi? Huyu, ao wa mu tumbo?"

"Wa mu tumbo!" Machozi yakamtoka. "Huyu ni muzima, ni usingizi tu."

Nilipomweleza daktari, aliweka kalamu chini. Alimlaza mama, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga, ila polepole mno. Haikupita saa moja, mama akawa kwenye chumba cha upasuaji, nami nje nimempakata binti, ambaye aliamka akala biskuti zangu zote bila haya.

Mtoto alitolewa amelegea. Walimsugua, wakampa hewa, na mimi mlangoni nikawa nahesabu pumzi zangu mwenyewe. Alipolia, nilipaza sauti: "Asante Yesu!" Muuguzi akaniambia nipunguze kelele.

Kesho yake daktari aliwaambia wenzangu wote ni nani aliyemsikia mgonjwa. Kichwa kilinivimba, na sioni aibu kukiri.

Yule mama aliniita kitandani kwake, akauliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia yuko, analima mahindi Nakivale.

"Umuambie alizaa," akasema.

Kwetu, kumwambia mzazi kwamba alizaa ni kusema alizaa mtu wa maana, na hakuna sifa inayopita hiyo. Nilimpigia mama yangu simu palepale koridoni, nikamfikishia salamu neno kwa neno. Kisha nikamsikia akitupa jembe na kuwaita majirani.