Foleni Iliyonyamaza

Papa alikuwa mtu wa phonie, redio ya kuzungumzia na watu wa mbali. Kabla ya simu za mkononi, ukitaka kuzungumza na ndugu yako wa Opala ulikuja kwetu mjini, komini ya Tshopo, ukaketi kwenye benchi la barazani, ukangoja redio ya Papa ikwaruze mpaka sauti ya upande wa pili isikike. Kila neno lililoingia aliliandika daftarini. Baada ya kila sentensi alisema, "Nimepata, à vous," yaani zamu yako, na yule wa Opala asipojibu vivyo hivyo, alirudia sentensi hata mara sita. Wateja walichoka. Mimi nilichoka zaidi, maana chumba changu kilipakana na cha redio, na mitihani yote ya chuo kikuu niliisomea katikati ya hizo "nimepata, nimepata."

Leo ninazitamani kelele zile hadi roho inaniuma. Mwaka wangu wa mwisho wa masomo, Mama alikwenda Opala kumuuguza bibi, akakaa miezi minne. Kila siku saa kumi alasiri sauti yake ilitoka kwenye kile kisanduku, nyembamba, ikikatikakatika, akiuliza habari za mihogo ya pondu aliyoiacha shambani, za paa linalovuja, za majirani na magomvi yao. Papa aliandika yote, akisema "nimepata" kwa upole ambao wateja hawakuwahi kuusikia. Kisha Mama mwenyewe akaugua, akazikwa hukohuko. Hakutuachia barua hata moja. Tulikuwa na daftari lile tu.

Miaka ikapita, simu zikaja, redio ikafunikwa kitambaa. Mimi nikaingia kwenye kazi ambayo majirani mpaka leo wanadhani ni kutengeneza simu. Tulikuwa watatu katika chumba cha kukodi, tukiunda mfumo wa kuendesha kompyuta kuukuu, zile zisizo na nguvu tena ya kubeba mifumo mipya. Mimi nilipewa kiini, sehemu ya ndani kabisa inayosimamia diski na programu zote. Kilichonipa kiburi kilikuwa taarifa za mabadiliko ya faili. Programu inakiambia kiini, "Nijulishe faili yoyote ya humu ikibadilika," kisha inalala. Faili ikiguswa, kiini kinaweka taarifa kwenye foleni na kuiamsha. Haihitaji kukagua kila dakika, kama mtu anayefunua sufuria kila mara kuona kama maharagwe yameiva.

Swali lilikuwa foleni ikijaa itakuwaje, maana kompyuta kuukuu ina kumbukumbu ndogo. Niliamua taarifa zitakazokosa nafasi zitupwe kimyakimya. Mwenzangu mmoja aliguna. Nikamwambia hakuna binadamu anayeweza kuhifadhi faili mara nyingi kiasi cha kujaza foleni ile. Nami ndiye niliyekulia nyumba moja na Papa!

Wakati huo mchwa walikuwa wameanza kuyala madaftari. Nikamwekea Papa kompyuta yenye mfumo wetu ayachape, kila mwezi faili yake. Programu ya kunakili ilingoja taarifa za kiini, na mtandao ulipopatikana ilituma faili zilizobadilika kwenye kompyuta yangu ya kazini. Nilimweleza kwa majivuno.

"Bon," akasema Papa, "na kama haifike, ni nani ataniambia?"

"Papa, kama hauone kosa, ujue imefika."

"Hakuna mutu wa kusema amepata?"

"Mashine haisemake, Papa. Inafanya tu."

Nilicheka. Nikaongeza kwamba karatasi akishazichapa asizirundike, zinaleta mchwa ndani. Akavaa miwani, akaanza kuchapa kwa vidole viwili, na karatasi zilizokwisha akawa anawashia mbabula, jiko la makaa la kuchemshia chai.

Kumbe baada ya kila sentensi alibonyeza kuhifadhi. Hakuweza kwenda mbele bila hiyo. Faili moja ya asubuhi ilileta taarifa ileile mamia ya mara, na kwa wiki kadhaa mtandao haukuwepo, nayo programu ya kunakili haichukui taarifa bila mtandao, kwa hiyo hakukuwa na wa kuzitoa. Foleni ikajaa. Faili alizofungua mchana zilikuta hakuna nafasi, na kiini changu kikanyamaza kama nilivyokiagiza. Mtandao uliporudi, programu ya kunakili haikuwa na habari kwamba kuna faili kama hizo.

Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaiunguza diski ya Papa. Nikaja na kompyuta yangu kumtuliza. Tukafungua pamoja. Miaka mingi ilikuwemo, hata ugomvi wa mchuuzi mmoja wa samaki na shemeji yake. Miezi minne ya Mama haikuwemo. Papa alikuwa ameitengea mchana, akishakula, ili aisome polepole wakati anachapa. Nikamuuliza karatasi ziko wapi. Akanyoosha kidole kwenye mbabula. Hakuniambia neno baya, na heri angenitukana.

Nilirudi kazini nikakifumua kiini. Sasa taarifa za faili moja zinazofuatana huunganishwa kuwa moja. Na mwisho wa foleni kuna nafasi isiyoguswa, ya taarifa moja tu: zipo nilizozikosa, kagua zote mwenyewe. Kazi ya siku tatu. Ningeweza kuifanya tangu mwanzo, ila nilijiona mjanja.

Nilikwenda kumweleza Papa. Alisikiliza hadi mwisho, mkono nyuma ya sikio.

"Voilà," akasema. "Hiyo sasa iko kazi ya mutu wa phonie."

Nikapata moyo wa kumuuliza Mama alisema nini siku ya mwisho kwenye redio. Aliivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Aliuliza kama uko nakula muzuri," akasema.

Katika miezi minne ya maneno ya Mama hilo ndilo lililobaki, na sitajua kamwe kama alilisema kweli, au Papa alinihurumia.