Simu Zisizo na Mwenyewe

Hili lilinipata mimi, nikalisikia kwa masikio yangu haya, sikusimuliwa na mtu. Najua mtacheka. Chekeni kwanza, nasubiri.

Lakini nianze na marehemu baba, maana nikianza na simu hamtanielewa. Kwetu ni Mwandoya, kule kwa ng'ombe. Nikiwa bado mchunga ndama, jioni moja alitokea mtu tusiyemjua, vumbi mpaka magotini, akasimama nje ya boma. Baba alikuwa shikome, pale wanaume wanapoota moto. Hakumuuliza jina wala ukoo. Alimwambia karibu, akampa maji, ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Na maziwa ya wakati ule, niaminini, yalikuwa maziwa, siyo haya maji meupe ya siku hizi. Mtu akala, akalala. Asubuhi hayupo. Mama akanuna, akasema, na kama ungekuwa umelaza mwizi? Baba akamjibu kwamba mgeni haulizwi jina kabla hajashiba, na ukishamwambia karibu huwezi kumfukuza tena, ni wako. Nikakua na hilo kichwani.

Basi. Mke wangu alipofariki, watoto wameshatawanyika, nikapata kibarua cha ulinzi kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi, njia ya Maswa. Msimu wa pamba mnaujua: watu, malori, makelele. Msimu ukiisha? Nzi. Karani anakuja asubuhi, mchana anaondoka, nabaki mimi na kibanda changu cha getini na mabati yanayolialia kwa joto. Kuna siku nilijikuta naongea na kikombe cha chai.

Ndipo wenye kiwanda wakataka simu mpya za ofisini. Akaja fundi kutoka Mwanza, dada mmoja mcheshi, Rehema, suruali imejaa mifuko. Akafunga mtambo wa chuma kwenye kabati la ofisi, taa zake zinapepesa, na kila meza simu yake. Hata kibandani kwangu akaweka moja. Nikamwita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, nikamuuliza, hiki kidude kinafanya nini? Akanieleza vizuri tu, hakunidharau. Zamani kila simu ilikuwa na waya wake. Sasa inakuja laini moja ya dijitali kutoka kampuni ya simu, inabeba maongezi ya watu wengi kwa pamoja, na mtambo ndio unaosimama njia panda kuwagawa: namba inayoanza hivi ipite huku, ya meneja iende kwa meneja, ya stoo iende stoo. Hizo njia yeye anauandikia kwenye laptopu.

"Na anayepiga namba ambayo hapa haipo?" nikamuuliza.

"Huyo namkata, babu. Amepotea."

"Unamkatia mgeni mlangoni?"

Akacheka mpaka akashika kabati. "Babu, hao siyo wageni! Ni watu wamekosea namba."

"Aliyepotea ndiye mgeni mwenyewe. Mlete kwangu getini."

"Haya. Wote wasio na mwenyewe ni wako." Akaandika. "Umeshapata ukoo mpya, babu. Wakikusumbua usinitafute."

Akasema imebaki kazi kidogo, atarudi kuimalizia, akaondoka zake.

Hazikupita siku nyingi. Karani ameshaondoka, jua kali, simu ya kibandani ikalia. Nikapokea. Mama mmoja, sauti ya mbali, kwa Kisukuma: "Mwadila, bhabha." Tukasalimiana ile salamu ndefu ya watu wenye nafasi. Kisha akasema, "Nimepiga kila mahali, hakuna anayepokea. Wewe umepokea." Nikamwambia karibu sana, mayu. Jina sikumuuliza.

Kesho yake akapiga tena, na siku zilizofuata. Tukawa tunaongea mvua, mtama, ng'ombe. Aliniuliza kama Dutwa, kule jirani na Bariadi, bado ni pori. Nikamwambia Dutwa leo ni maduka na mabasi. Mtu gani huyo asiyejua Dutwa? Nilijiuliza, sikatai. Na nyuma ya sauti yake hakukuwa na kuku, wala mtoto, wala upepo. Lakini mimi nilishaanza kufua shati kabla simu haijalia. Mtu anayefulia simu shati, huo upweke wake unaupimaje?

Siku moja akasema, "Nimewaambia wenzangu kuna mtu anapokea. Tuko wengi. Tunakuja."

Nikasema karibuni. Mdomo ulishazoea.

Rehema akarudi mchana uliofuata. Akaegesha gari kwenye geti la nyuma, lile la malori, akanifuata kibandani na waya umezungushwa begani.

"Babu, leo naunganisha laini ya nje, muanze kupigiwa."

"Mbona napigiwa kila siku?"

"Na nani? Hapa mlikuwa mnapigiana nyie kwa nyie tu." Akanionyesha ncha ya waya, bado imefungwa nailoni. "Laini yenyewe hii hapa begani kwangu."

Simu ikalia.

Tukatazamana. Akapokea yeye. Alisikiliza, akaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Wanasema wako getini, babu. Wanasema uliwakaribisha. Wanataka uwafungulie."

Nikachungulia. Barabara nyeupe, hakuna hata mbuzi. Lakini mnyororo wa geti ulikuwa unacheza, na upepo haukuwepo.

Rehema alikimbilia ofisini, akaifuta njia ile, akauzima mtambo kabisa. "Panda gari twende!" Nikamwambia tangulia. Hakubembeleza, na simlaumu. Gari lake likapotea, nikabaki na funguo mkononi, na simu isiyo na umeme ikaanza kulia upya.

Niwaambie kabisa, maana nasahau: siku hizi nakaa Dutwa kwa binti wa dada yangu, na namba nisiyoijua siipokei, hata iite mpaka ichoke. Wa kiwandani waliniita, nikagoma. Rehema hajakanyaga tena huku. Wewe unayefungiwa simu ofisini kwako, fundi akikuuliza waliopotea wapelekwe wapi, mwambie akate. Usione huruma. Na bado kuna saa za mchana naitamani ile sauti, hilo nalo nisiwafiche.

Sasa ile siku. Kufungua, niliogopa. Kuwafukuza, nilishasema karibuni kwa kinywa changu. Nikawaza: wameletwa kwa mlinzi wa geti. Nisipokuwa mlinzi, je? Nikatundika funguo kwenye msumari wake, nikavua koti la kazi, nikaliacha kitini, nikatokea geti la malori. Simu inalia tu.

Nimeshavuka banda la marobota, ikanyamaza katikati ya mlio, vile inavyonyamaza ikipokelewa. Kibandani sikuacha mtu. Nikasikia mzee anaitika, polepole, mwenye furaha: "Mwadila, mwadila. Karibuni wote." Ilikuwa sauti yangu. Kisha mnyororo wa geti ukaanguka chini.

Sikugeuka. Nikaishika barabara kwa miguu, na sijarudi pale mpaka leo.