Maneno arobaini ya Madam Sylvia

Saa nne asubuhi, joto la Lodwar limeshaingia ndani na feni imekataa kuzunguka. Sylvia Chepkirui ameshika kalamu nyekundu. Mbele yake kuna kurasa tatu za daftari, zimejaa mpaka pembeni. Anazikata bila huruma.

"Hii toa. Hii pia toa. Hii salamu yote ya nini, dada? Mtu anangoja habari, wewe unamsalimia mpaka anazima redio."

Mwenye kurasa ni Nyandeng, muuza chai kutoka Kakuma. Alizijaza usiku kucha. Sasa anaangalia maneno yake yakipigwa mistari, moja baada ya lingine, na sura yake inasema yote.

Sylvia anaandika matangazo kwa kituo kimoja kidogo cha redio hapa mjini. Vifo, mbuzi waliopotea, watu wanaotafutwa, yote yanapitia kwa meza yake. Tangazo moja ni shilingi mia moja hamsini, na linasomwa kwa sekunde ishirini. Hizo sekunde zinabeba maneno arobaini. Ukizidisha, mtangazaji anakatia katikati, na hapo katikati ndio pengine jina la marehemu lilikuwa.

Shida ya Nyandeng ni hii. Mama yake ameletwa hospitali hapa Lodwar na atapasuliwa Ijumaa. Leo ni Jumatano. Mama anamtaka kijana wake, Mamer, aliyegombana na dada yake, huyu Nyandeng, miezi mitatu iliyopita akaondoka Kakuma bila kuaga. Simu yake imezimwa. Watu wanasema alionekana Kalokol, anapakia samaki kwa lori.

"Mama anasema hataki kuingia kwa hiyo kisu kama hajamuona," Nyandeng anasema.

Sasa, kwa kurasa zake, sentensi ya kwanza ilikuwa "Mamer umetuaibisha." Habari ya mama ilikuwa ukurasa wa tatu, chini kabisa.

"Wewe unataka nini?" Sylvia anamuuliza. "Unataka kumchapa ama unataka aje?"

"Yote mbili."

"Kwa maneno arobaini utapata moja. Chagua."

Nyandeng anavuta kurasa zake, anazikunja. "Aje."

"Basi tuandike ya kuja. Ya kuchapa utamchapa akifika."

Sylvia hakusomea hii kazi. Alitoka Bomet miaka kumi na mbili iliyopita, akaja huku kufanya usekretari. Kuandika, anasema, alifundishwa na kosa lake mwenyewe.

Siku moja aliandika: "Mama Akoru wa Kalokol amefariki." Maneno matano tu, akajiona amemaliza. Marehemu alikuwa bibi mzee, jina lake Akoru. Lakini Lodwar hapa kulikuwa na msichana wa shule ya bweni, naye anaitwa Akoru, naye ni wa Kalokol. Akasikia redio inasema mama ya Akoru amekufa. Alipanda gari akilia njia yote. Akafika nyumbani, akamkuta mama yake ameinama, anageuza samaki juani.

"Mama akamuuliza, 'Nani amekufa?' Mtoto akamrukia, akamshika shingo," Sylvia anasema. Kalamu ameiweka chini. "Nilienda Kalokol mwenyewe kuomba msamaha. Yule mama aliniambia, 'Ungeongeza neno moja tu.' Sijawahi kusahau."

Tangu siku hiyo hakuna tangazo linatoka kwa meza yake kabla halijasikika kwa sikio la mtu asiyejua habari. Sikio lenyewe ni la Baudouin, Mkongo anayeuza kredo ya simu pale mlangoni.

Wanaanza upya. Nyandeng anaongea, Sylvia anaandika vile anavyoongea. "Kama huwezi kuisema kwa mdomo, usiiandike," anasema. Kisha anauliza: kina Mamer ni wangapi Turkana nzima? Wengi. Huyu wako atajijua aje?

Nyandeng anafikiria, anaanza kucheka. "Tukiwa wadogo kulikuwa na mbuzi ya jirani, ina ndevu. Alikuwa anaiita Mwalimu."

"Hiyo weka."

Sylvia alikuwa ameanza kuandika "hakuna mtu amekukasirikia." Nyandeng akamzuia. "Mimi nimekasirika, Madam."

"Basi tusiandike uongo," Sylvia akasema, akaipiga mstari.

Ikatoka hivi: "Mamer, ndugu ya Nyandeng wa Kakuma, wewe uliyemwita mbuzi wa jirani Mwalimu: mama yuko Lodwar, hospitali. Anapasuliwa Ijumaa. Anaongea, anakula, anakuulizia. Tunataka uje tu. Njoo kabla ya Alhamisi jioni. Nyandeng anakungoja kwa lango. Ukikwama, piga simu kituoni."

Sylvia anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Thelathini na saba. Umebakisha matatu."

Nyandeng anaangalia ukuta. "Andika: chai yako iko."

Baudouin anaitwa, anasomewa mara moja. "Umesikia nini?"

"Kijana akuye mbio, mama yake banamupasua Ijumaa, na chai iko," anajibu. "Mama Sylvia, hiyo chai ni ya nani? Hata mimi nitaenda."

Imepita.

Inasomwa saa saba, kabla ya habari. Wakingoja, Sylvia anaeleza mpango wake: darasa la kuandika, kila Jumamosi kule Kakuma, watu ishirini, ukumbi wa kanisa ameshaahidiwa. Watu wanaandika barua za maana sana huko, anasema, na shida yao yote iko ukurasa wa tatu. Somo la kwanza ataandika ubaoni "Mama Akoru amefariki," awaulize nani amekufa.

Saa nane kasorobo simu ya kituo inalia. Kelele ya lori nyuma, sauti ya kijana.

"Ambia Nyandeng haikuwa Mwalimu. Ilikuwa Mwalimu Mkuu. Niko njiani. Na hiyo chai asiweke tangawizi."

Nyandeng amekaa chini, shuka aliyojitanda imefunika uso. Sylvia anavuta karatasi, anaongeza "Mkuu" mahali pake, anahesabu tena.

"Arobaini na moja," anasema. "Hii naenda nayo darasani."